Uko Muscat, Mkonga Uko Chanika: Vidokezo 12 vya Kulitunza Gari Kuukuu Ukiwa Mbali

Umehamia ughaibuni, gari limebaki Chanika. Chanika ya Handeni, si ile ya Ilala. Labda ni Land Cruiser pikapu, mkonga wenyewe. Labda ni Land Rover 110 uliyorithi kwa baba, au Hilux iliyobeba mahindi ya ukoo tangu wewe uko shule ya msingi. Kila ukipiga simu nyumbani salamu zinakwenda vizuri: wazee wazima, mvua imenyesha, watoto wanasoma. Halafu sauti inashuka kidogo: "Sasa kaka, kuna kitu kidogo kwenye gari."

Tulia. Usiliuze kwa hasira. Magari haya yalizaliwa kwa ajili ya shida. Land Cruiser za toleo la 70 zilitoka mwaka 1984 na mpaka leo zinaundwa, na zile za zamani unazikuta kila siku zikipanda na kushuka kati ya Korogwe, Handeni na Kilindi. Gari la namna hii haliuawi na uzee. Linauawa na mambo mawili: kulala bila kazi, na kuwa la kila mtu bila kuwa na mwenyewe. Yote mawili unaweza kuyatibu kwa simu yako, ukiwa Muscat, Birmingham au Perth. Haya, twende kazi!

1. Mpe gari mlezi mmoja, mmoja tu

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na ukikishika hiki umeshamaliza nusu ya safari. Gari likiachwa "nyumbani" maana yake limeachwa kwa mjomba, shemeji, wapwa wawili na jirani anayejua kuendesha. Kila mmoja atalitumia, na hakuna atakayeangalia oili. Chagua mtu mmoja, mwite mlezi wa gari, na mtangaze mbele ya familia nzima ili asije kuonekana mkorofi siku akisema hapana. Ufunguo mmoja akae nao yeye. Wa pili ukae kwa mama, kwenye kabati lile lile la vyeti vya ndoa na hati za shamba.

Umchague nani? Si lazima awe anayejua sana magari. Tafuta mtu anayelala Chanika siku nyingi za mwaka, asiyeona haya kuuliza, na anayepokea simu yako hata kama hakuna hela inayotumwa. Mwalimu wa shule jirani anaweza kukufaa kuliko mpwa dereva anayeshinda Dar. Na mlipe! Posho ndogo ya kila mwezi, inayofika tarehe ile ile, inalinda gari kuliko zawadi kubwa ya mara moja kwa mwaka. Mtu anayelipwa ana la kujibu ukimuuliza.

Kisha mkubaliane mapema kuhusu mambo ya ukoo, kwa sababu yatakuja tu. Mgonjwa wa kukimbizwa hospitali usiku: gari linatoka bila kuuliza. Msiba: linatoka, na wanaolitumia wanajaza mafuta. Harusi na magunia ya mahindi: wanaomba siku tatu kabla, mlezi anakagua, ndipo linatoka. Ukiandika mambo hayo matatu kwenye karatasi na kuisoma kwenye simu siku wazee wamekaa pamoja, umeepusha ugomvi mwingi. Gari kule ni msaada wa watu. Ukilifungia kabisa utalipoteza na utawapoteza na ndugu.

2. Nunua daftari kabla ya kununua spea

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kawaida la shule likae kwenye droo ya dashibodi, na kalamu ifungwe kwa uzi. Kila safari iandikwe tarehe, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, lita zilizowekwa na nani kaendesha. Kila Jumamosi mlezi anapiga picha mbili: ukurasa wa daftari, na kioo cha kilomita. Anatuma WhatsApp. Basi, dakika mbili.

Sasa wewe kule uliko una hesabu za kufanya. Chanika hadi Korogwe ni kama kilomita 65, kwenda na kurudi 130. Chanika hadi Mkata, kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera, ni kilomita 54. Injini ya dizeli ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyomo kwenye mikonga mingi, inakwenda kilomita 7 hadi 9 kwa lita moja kwenye lami. Kwa hiyo safari ya Korogwe na kurudi inakula lita 14 hadi 19. Kwenye tope na mchanga itakula zaidi, hilo linaeleweka. Lakini ukiona lita 40 zimekwenda na kilomita 130 tu zimesomeka, una swali zuri la kuuliza, tena bila kupandisha sauti.

3. Lijue gari lako kwa jina lake kamili

"Nitumie feni belti ya Land Cruiser." Ipi, ndugu yangu? Land Cruiser ni ukoo mkubwa. Mwambie mlezi afungue boneti, afute vumbi kwenye kile kibati cha chuma, akipige picha. Pale pana herufi na namba kama HZJ75 au HZJ79, na namba ya chasisi. Ihifadhi picha hiyo kwenye simu yako mahali ambapo haitapotea, kwa sababu kila muuza spea duniani atakuuliza hizo herufi.

Na kuna njia ya haraka kwa pikapu na hadtopu ndefu za toleo la 70: hesabu nati za gurudumu. Zikiwa sita, kwa kawaida ni gari la kabla ya mabadiliko ya mwaka 1999. Zikiwa tano ni la baada ya hapo, na springi za mbele zitakuwa za mviringo badala ya zile za mabamba. Nati moja tu inaamua beringi gani, brek gani na rimu gani zinaingia. Kwa wenye Land Rover, swali ni injini: 300Tdi inatengenezwa na fundi mwenye spana na akili yake, lakini Td5 iliyokuja mwaka 1998 inaendeshwa na kompyuta na inataka fundi mwenye mashine ya kupimia. Jua yako ni ipi kabla hujamtafuta fundi.

4. Liamshe kila wiki, na litembee kweli

Kuwasha gari dakika tano uani, likapiga moshi, likazimwa, si kuliamsha. Hapo umekula umeme wa betri kupiga stata bila kuurudisha, na umeacha unyevu ndani ya injini na bomba la moshi. Gari linataka lipate joto lake lote. Mlezi aingie barabara ya Korogwe, atembee nusu saa kwa mwendo wa kistaarabu, ageuze, arudi. Betri inachaji, oili inazunguka, brek zinajisafisha kutu, matairi hayakai upande mmoja.

Mwenye kulitunza akisafiri wiki tatu au nne? Afungue waya wa hasi wa betri, auweke pembeni. Gari liegeshwe kwenye gia, na mawe yawekwe chini ya matairi mbele na nyuma. Hendibreki aiache chini, maana ikivutwa muda mrefu brek shuu zinaganda kwenye ngoma, na siku ya kuondoka utasikia kilio.

Na panya! Uani kwa watu wa Handeni kuna ghala la mahindi, na penye mahindi pana panya, na panya wa Handeni akimaliza mahindi anahamia kwenye nyaya zako. Usiegeshe gari ubavuni mwa ghala. Kila wiki boneti ifunguliwe na jicho lipite: majani makavu, pamba, mbegu. Dirisha lifungwe pia, la sivyo kuku atatagia chini ya kiti na hakuna mtu nyumbani atakayekubali kumhamisha mpaka aangue.

5. Tia fowili mara moja kwa mwezi

Gari la magurudumu manne ambalo halitiwi fowili mwaka mzima litakugomea siku ya tope, nayo ni siku yenyewe uliyolinunulia. Oili iliyo kwenye difu ya mbele inatakiwa izunguke ili sili zisikauke na vyuma visishike kutu. Mara moja kwa mwezi mlezi aende barabara ya vumbi, ashuke, azungushe loki za magurudumu ya mbele, atie fowili, atembee kilomita mbili tatu, kisha arudishe.

Ila asifanye hivyo kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na lami haiteleshi kuyapa nafasi, kwa hiyo vyuma vya ndani vinajikaza mpaka kitu kiachie. Mchangani au topeni hakuna shida.

Siku hiyo hiyo apige grisi kwenye propela shafti na sehemu zote zenye vichuchu vya grisi. Ni kazi ya robo saa.

6. Heshimu vumbi jekundu

Anayeijua barabara ya kwenda Kwediboma na Songe mwezi wa Agosti anajua ninachosema. Vumbi linaingia hadi kwenye biskuti. Chujio la hewa ndilo linalosimama kati ya vumbi hilo na pistoni zako, na likiziba gari linakosa pumzi: linatoa moshi mweusi, linakula mafuta, linapanda kilima cha Kideleko kwa huzuni.

Kiangazi, chujio litolewe kila wiki mbili. Lipulizwe kwa upepo mdogo wa kompresa kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kutoka nje kwenda ndani. Lisioshwe kwa maji na sabuni kama ni la karatasi, hata fundi akisema wenzake wanafanya. Likionekana lina tundu unapolishika dhidi ya jua, linatupwa siku hiyo hiyo. Na ule mkonga uliolipa gari jina lake, yaani bomba refu la kuvutia hewa, wengi wanadhani ni wa kuvukia mito tu. Unafanya kazi kubwa zaidi kwenye vumbi, kwa sababu unavuta hewa ya juu iliyo safi kuliko ile ya chini. Mwambie mlezi aangalie viungo vya mpira vya huo mkonga. Kama kimoja kimepasuka, gari linavuta vumbi kwa mlango wa nyuma na chujio peke yake halitaweza kazi.

7. Rejeta haitaki maji ya shida

Historia ya maji Handeni tunaijua. Mradi wa HTM (Handeni Trunk Main) ulijengwa kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kwa sababu ya shida hiyo hiyo. Sasa wakati wa ukame, dereva anamwaga kwenye rejeta chochote kilichopo kwenye ndoo, na mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi inabaki ndani, inagandamana kwenye vijibomba, na injini ya 1HZ ambayo ingekutumikia miaka mingi inachemka, inapinda silinda hedi, na hapo tena si "kitu kidogo".

Dawa ni kulanti, ichanganywe na maji safi yasiyo na chumvi, kisha dumu la lita tano la mchanganyiko huo likae nyuma ya kiti muda wote. Kulanti ikikosekana kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni salama kuliko ya kisima. Na mlezi akumbuke: rejeta inafunguliwa injini ikiwa imepoa. Asubuhi, kabla ya chai.

8. Dizeli safi, tangi lililojaa, kufuli juu

Tangi lililo nusu tupu linakusanya unyevu, na maji kwenye dizeli yanaharibu pampu na nozeli, ambavyo ndivyo vyombo vya gharama kwenye gari hilo. Kama gari litakaa, tangi lijazwe. Najua unachowaza: tangi likijaa litanyonywa! Ndiyo maana unanunua mfuniko wa kufuli.

Mafuta yanunuliwe kituoni, tena kituo chenye magari mengi, siyo kwenye madumu ya kando ya njia. Chini ya filta ya dizeli kuna kikoki kidogo cha kumwagia maji. Kifunguliwe kila mwezi mpaka itoke dizeli tupu. Fundi yeyote Chanika anakijua.

9. Omba video ya asubuhi, kabla jua halijapanda

Ukiletewa video ya gari linalonguruma vizuri saa sita mchana, hujaletewa kitu. Gari lililopata moto linaficha maradhi. Omba video ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari halijawashwa tangu jana, kamera ikiwa nyuma kwenye bomba la moshi, na mtu mwingine ndani apige stata. Utasikia kama betri ina nguvu, kama injini inashika mara moja au inabembelezwa.

Kisha angalia rangi. Moshi mweusi: hewa haitoshi au dizeli inamwagika kupita kiasi, anza na chujio la hewa na nozeli. Moshi wa bluu: oili inaungua. Moshi mweupe unaokoma baada ya dakika chache asubuhi ya baridi ni kawaida. Unaoendelea hata injini ikipata joto ni dizeli isiyoungua au maji yanaingia ndani, na hapo gari lisitoke uani mpaka fundi alione. Video hiyo ya sekunde thelathini mwonyeshe pia fundi mwingine unayemwamini, awe Tanga mjini au hata huko uliko. Maoni ya pili ni bure.

10. Nunua spea pale ulipo, lakini kwa akili

Hapa ndipo kuwa ughaibuni kunageuka faida! Ila kila nchi na lake.

Ukiwa Oman au Falme za Kiarabu, Land Cruiser za 70 zimejaa mitaani, na eneo la viwanda la Sharjah lina maduka ya spea kiasi cha kukuchosha miguu. Lakini angalia: nyingi za huko zina usukani wa kushoto na injini ya petroli. Beringi, sili, shokapu na vifaa vingi vya chini vinaweza kuingia kama herufi za gari zinalingana. Vifaa vya injini ya 1HZ lazima uviulize kwa jina, na boksi la usukani la huko usithubutu kulibeba, kwa sababu halitafaa gari la usukani wa kulia.

Ukiwa Australia, umebarikiwa. Kule usukani ni wa kulia na 1HZ iliuzwa ndani ya toleo la 70 hadi mwaka 2007, kwa hiyo gari lako la Chanika lina ndugu zake wa damu huko. Ukiwa Uingereza na gari ni Land Rover, huna cha kulalamika: Defender ya mwisho ya zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini spea bado zimejaa. Ukiwa Marekani, usipoteze muda kutafuta spea za mkonga madukani. Toleo la 70 halikuuzwa rasmi huko. Tuma hela, zinunuliwe Dar.

Vitu vya kubeba kwenye begi ni vile vidogo, vyepesi na vyenye feki nyingi sokoni: timing belti, seti za sili, nozeli, filta halisi. Vizito kama difu na springi acha. Ukitaka kutuma shehena kwa meli, ulizia kwanza TRA na TBS nini kinaruhusiwa na ushuru wake ni kiasi gani, ndipo upakie.

Kwa vinginevyo, Gerezani pale Kariakoo kuna karibu kila kitu. Kinanunuliwa asubuhi, kinapakiwa kwenye basi la Handeni, na mlezi anakipokea stendi Chanika. Sharti moja: muuzaji apige picha ya boksi, namba ya kifaa na risiti kabla ya kufunga mzigo.

11. Tenganisha hela ya spea na hela ya ufundi

Ukituma fungu moja kwa mtu mmoja, umempa mtihani. Hela ya spea mlipe muuza spea moja kwa moja kwa simu. Hela ya ufundi mlipe fundi, nusu akianza na nusu akimaliza, baada ya wewe kuona video ya gari likitembea. Fundi mzuri hatachukia. Anafurahi kujua hela yake ipo na haipiti mikono mitatu.

Spea ya zamani irudi nyumbani. Hiyo ni sheria. Beringi iliyotolewa, belti iliyokatika, pedi zilizoisha, zote ziwekwe kwenye ndoo, zipigwe picha pamoja na boksi la kipya. Na jifunze vipimo vichache kwa kichwa: injini ya 1HZ inachukua lita 9 na ushee za oili pamoja na filta. Ukiambiwa zimeingia 14, uliza kwa upole zimeingia wapi. Oili imwagwe kila kilomita 5,000, au kila miezi sita hata kama gari limetembea kidogo.

Na kuhusu timing belti, nisikilize vizuri. 1HZ inatumia belti, na inatakiwa ibadilishwe kila kilomita 100,000. Ikikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwenda. Kama hakuna anayejua ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa, na hiyo ndiyo iwe kazi ya kwanza utakayoilipia. Kabla ya redio na kabla ya rangi mpya.

12. Kagua makaratasi ukiwa kitandani

Bima unaweza kuihakiki mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa kuingiza namba ya gari, hivyo hutegemei tena picha ya stika iliyofifia. Mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani nao unakubali namba ya gari, unakuonyesha deni lolote lililopo. Uangalie kila mwezi. Ukaguzi huo una faida mbili: faini hazirundikani, na unajua gari limekamatwa wapi. Kama daftari linasema gari halijatoka Handeni na faini inasoma Chalinze, mpigie mlezi, mzungumze kama watu wazima.

Akitokea wa kukuomba hela ya "road license" ya mwaka, mkumbushe kwamba ada hiyo ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Ukijaza tangi umeshalipa. Hela hiyo ielekeze kwenye mtungi wa zimamoto, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na jeki inayoweza kweli kuinua gari lenye mzigo. Na bima iendane na kazi: kama gari linabeba abiria au mizigo kwa malipo, bima ya gari binafsi haitakusaidia siku ya ajali. Mlezi alijue hilo kabla hajakubali "kamzigo kadogo" ka jirani ka kwenda Segera.

Ukipanga likizo, njoo kati ya Juni na Septemba, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Lala chini ya gari mwenyewe na tochi, uangalie chasisi. Hata Land Rover yenye bodi ya alumini ina chasisi ya chuma, na kutu inaanzia huko chini. Bisha kwa nyundo ndogo. Ikilia kavu, gari bado lina maisha, liwekee fedha. Nyundo ikizama, usitengeneze kingine chochote mpaka mchomeleaji mzuri akuambie kama chasisi inaponyeka.

Na kama hujampata mlezi bado, leo usiku piga simu nyumbani, muulize mama ni nani kati ya wanaoishi pale anayerudisha vitu alivyoazima. Huyo ndiye mtu wako. Mtumie hela ya daftari.